Mkufu wa silva umeingia weusi na harusi ni Jumamosi: siki, magadi au kolgeti?

Mama Trizah, Kondele

Hamjambo wote. Naombeni ushauri kabla sijagusa kitu ambacho si changu peke yangu.

Mdogo wangu anaolewa Jumamosi hii huko Ahero. Mama ametufungulia vito vyake, akasema kila binti achague cha kuvaa, na ikifika Jumapili vyote virudi mkononi mwake. Shida ni kwamba havijavaliwa muda mrefu na hali yake si nzuri. Kuna mkufu mwembamba wa silva ambao zamani ulikuwa uking'aa, sasa ni mweusi, hasa pale karibu na kifungo. Kuna pete yake ya dhahabu yenye kijiwe chekundu. Ameivaa akipika, akifua, akilima, mpaka vidole vilipoanza kuvimba ndipo akaivua. Kuna bangili mbili nzito za brasi alizonunua kwa mafundi wa jua kali, na bangili ya shaba nyekundu ya marehemu baba, aliyokuwa akiivaa kwa ajili ya baridi yabisi. Halafu hereni za lulu, sijui kama ni lulu kweli au ni plastiki. Na kidani cha shanga chenye vipande vya pembe ya ng'ombe.

Jirani yangu ananiambia nitie vyote kwenye karai moja, nimimine siki, niongeze chumvi na magadi, nilaze usiku kucha. Kwenye grupu la chama mtu ametuma video ya kolgeti. Mwingine anasema soda ya kola. Nimebaki nazunguka jikoni tu.

Nyumbani nina siki, ndimu, chumvi, magadi, beking soda, sabuni ya vyombo, kolgeti, jiki, na foili iliyobaki tulipochoma samaki. Najua sonara wapo mjini, lakini pesa yote imeishia kwenye sare za wasimamizi.

Na swali la pembeni: mimi ni msusi. Pete yangu mwenyewe ya silva huingia weusi nikishinda na wateja wa kalikiti. Nikiipangusa kwa taulo inarudi kidogo, baada ya siku chache ni yale yale. Je, nimeuziwa pete bandia?

Karanja, Section 58

Kolgeti na mswaki uliochoka. Ndivyo ninavyosafisha pete na saa miaka yote. Sugua dakika mbili, suuza, kwisha. Tusimtishe mama wa watu na kemia.

Sonara wa Kibuye

Karanja ndugu yangu, siku ukifika Kisumu pitia na hiyo saa tuiangalie pamoja chini ya lenzi, halafu wewe ndiye utanieleza.

Mama Trizah, hongereni kwa harusi. Karai la jirani lirudishe kwenye kufulia nguo.

Nimekaa kwenye meza ya usonara hapa mjini tangu miaka ya tisini. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Kihindi pale barabara ya Oginga Odinga, mtu mkali ambaye hakukuruhusu kugusa kitu cha mteja kabla hujamwambia ni cha madini gani na umejuaje. Nilimwona msumbufu. Siku hizi nusu ya kazi ninayoletewa ni vitu vilivyosafishwa nyumbani na watu walioanza na swali la nitumie nini, badala ya swali la mzee yule. Ulivyotaja wewe ni vitu sita, na hakuna dawa moja inayovifaa vyote. Kinachofufua brasi kinaua lulu.

Kwanza nikuondolee hofu ya mchanganyiko wa siki na magadi, maana video hizo zimejaa. Siki ni asidi, magadi ni kinyume chake. Vikikutana vinafoka povu na mtu anafurahi akidhani uchafu unapigwa. Povu lile ni kaboni dioksidi inatoroka, gesi ile ile ya kwenye soda. Likitulia, siki imekwisha nguvu, magadi yamekwisha nguvu, na wewe umebaki na maji ya chumvichumvi. Kimoja kimoja vina kazi. Pamoja ni maonyesho.

Jiki usiilete kabisa. Klorini hudhuru fedha (silva) na shaba, na dhahabu ya karati ndogo huweza kupata nyufa pale ilipolehemiwa. Tena mtu akiichanganya na siki inatoa gesi ya klorini, na hapo harusi mtaihudhuria mkiwa na kifua.

Sasa mkufu. Chukua tochi ya simu, angalia kifungo au kile kibamba kidogo kando yake. Ukiona 925, ni fedha halisi: sehemu 925 katika kila 1000 ni fedha, zilizobaki kwa kawaida ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno. Weusi huo si uchafu. Ni fedha yenyewe imeshikana na salfa iliyo hewani na kwenye vitu tunavyoshika: mayai, vitunguu, kabichi, moshi wa makaa ya mawe, hata ile mipira ya kufungia noti. Ndiyo maana sabuni haiutoi, na siki pia haiuwezi.

Na hapo ndipo pete yako ya saluni inapoingia. Dawa ya kalikiti ina kemikali yenye salfa. Ndiyo inayolegeza nywele zikubali umbo jipya. Mkono wako unashinda ndani yake. Weusi huo hauonyeshi kwamba pete ni bandia, bali unakushitaki kwamba huivui kazini. Pete ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi isingejibu hivyo.

Dawa ya mkufu ni ile foili iliyobaki na samaki, mradi uioshe mafuta. Chukua bakuli la kioo, la udongo au la plastiki ngumu, tandika foili ndani. Upande unaong'aa uwe juu au chini, watu hubishana bure, haidhuru. Laza mkufu juu ya foili, na hakikisha unaigusa. Usipogusa hakuna kitakachotokea. Nyunyiza beking soda kijiko cha chakula kwa kila kikombe cha maji utakachotia. Magadi pia yanafaa, tena ni makali zaidi, kwa hiyo punguza. Si beking pauda wala hamira. Kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka.

Utasikia harufu ya yai viza, kidogo tu. Usishtuke, ni salfa inaondoka. Soda inavua ule utando mwembamba ulioko juu ya aluminiamu, aluminiamu ikiwa wazi inaivuta salfa kutoka kwenye fedha, na foili inaingia madoa ya kahawia au kijivu huku mkufu ukirudi weupe wake. Kama weusi ni mzito, badilisha foili na maji urudie. Kinachonifurahisha katika njia hii ni kwamba hakuna fedha inayopotea. Kila unaposugua kwa kolgeti unaondoa weusi pamoja na fedha iliyogeuka kuwa weusi huo; hapa fedha inabaki mahali pake. Sufuria zetu pia ni aluminiamu, kwa hiyo hata bila foili sufuria yenyewe ingeifanya kazi hiyo. Ila itabaki na doa, na mwenye sufuria ataulizia.

Usitumbukize humo fedha yenye jiwe lililobandikwa kwa gundi, wala yenye lulu. Na kama mkufu una maua yaliyochongwa na weusi umekaa ndani ya michirizi tu, huo mara nyingi fundi aliutia makusudi ili mchoro uonekane. Foili haitambui, itautoa nao.

Pete ya mama ndiyo ninayoipenda katika orodha yako. Igeuze, usiangalie usoni. Chungulia kwa chini, pale nyuma ya jiwe. Pete nyingi zina tundu hapo ili mwanga upite. Kwa mama aliyekanda chapati, akafua kwa sabuni ya kipande na kujipaka mafuta akiwa na pete kidoleni, tundu hilo huwa limezibwa na kitu cha kijivu, kigumu: unga, sabuni na mafuta vilivyoshindiliwa kwa miaka. Jiwe linaonekana limekufa kumbe limefunikwa mgongo. Watu wanasugua usoni mpaka wanachoka, na uchafu uko nyuma.

Kabla ya kuilowanisha, ishike karibu na sikio uigongegonge polepole kwa ncha ya kidole. Ukisikia kitu kinachezacheza ndani, jiwe limelegea. Ikome hapo hapo, ivaliwe vivyo hivyo au isivaliwe. Kama imetulia, tia maji ya vuguvugu kwenye bakuli, si ya moto, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Iache ilowe dakika kumi na tano hadi ishirini. Kisha mswaki laini wa mtoto, mpya, upitishe kwa nyuma kwanza na kuzunguka yale makucha yanayoshika jiwe. Kichokonoo cha mti kinasaidia kwenye tundu, sindano hapana. Suuza ndani ya bakuli jingine. Usiisuuze kwenye sinki, hata ukiwa umeziba, hata mtu akuapie. Nimewahi kuletewa bomba zima la sinki limefunguliwa, niulizwe kama pete inaweza kuwa imeyeyuka.

Kijiwe chekundu kinaweza kuwa yakuti, kinaweza kuwa ganeti, kinaweza kuwa kioo. Kwa kuwa hujui, kitendee kama kioo: kisipandishwe joto ghafla. Ndani ya pete tafuta nambari. 375 ni karati 9, yaani dhahabu ni asilimia 37.5 tu na nyingine ni shaba, fedha na jamaa zao. Hiyo nayo huingia kivuli kidogo, ni kawaida. 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, 916 ni karati 22. Bila nambari si lazima iwe bandia, pete za zamani za mafundi wa hapa nyingi hazikupigwa mhuri.

Bangili za brasi na ile ya shaba, ndimu na chumvi. Kata ndimu, chovya kwenye chumvi laini, pitisha. Weusi wa brasi na shaba kwa sehemu kubwa ni oksaidi, na asidi inaila mbele ya macho yako. Ukwaju uliolowekwa unafanya vizuri vile vile, na mimi naupenda zaidi kwa sababu ni mpole. Lakini ni dakika, si usiku kucha. Brasi ni shaba na zinki. Ukiilaza kwenye siki na chumvi, zinki inatangulia kutoka, na asubuhi unakuta bangili ina mabaka ya waridi, hiyo ni shaba iliyobaki usoni. Kuirudisha ni kazi ya mashine. Ukimaliza suuza sana, kisha pitisha maji yenye beking soda kidogo kumaliza asidi, kausha kwa kitambaa mpaka kwenye pembe zote. Kama zimepakwa vanishi, ndimu haitafanya lolote. Achana nazo, zipanguse.

Ya marehemu baba isafishe kwa ndani tu kama mama anapenda rangi yake ya zamani. Muulize. Wapo wanaolia ukiwarudishia shaba mpya.

Lulu: chukua moja uipitishe kidogo kwenye ncha ya meno ya mbele. Ikikwaruza kama ina chembe chembe za mchanga ni lulu, ya baharini au ya kufugwa haijalishi. Ikiteleza kama kioo ni bandia. Ya kweli imejengwa kwa kalsiamu kaboneti, sawa na ganda la yai na chaki. Tia ganda la yai kwenye siki uone linavyotoa mapovu na kuisha, kisha umwonyeshe jirani. Lulu inataka kitambaa laini kilicholowanishwa na maji matupu, basi. Marashi na dawa ya nywele vitangulie, hereni ziwe za mwisho kuvaliwa.

Kidani cha shanga usikiloweke. Shanga za kioo hazina neno, tatizo ni uzi na waya wa ndani, unaoza au unashika kutu na utajua katikati ya sherehe. Pembe nayo ina tabaka. Ikinywa maji inavimba, ikikauka inachanika. Kitambaa kibichi, kikavu, halafu tone la mafuta ya nazi kwenye pembe.

Kolgeti nimeiacha mwisho kwa heshima ya Karanja. Dawa nyingi za meno zina chembe za kusugulia, mara nyingi silika. Jino lina ugumu wa kuzivumilia. Dhahabu na fedha ni laini kuliko hizo chembe. Inang'aa kweli siku ya kwanza, halafu unabaki na uso wenye mikwaruzo midogo midogo, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayoficha uchafu unaofuata. Kola sina cha kusema. Ina asidi, itasafisha shaba kidogo, na itakuachia sukari kwenye kila pingili ya mkufu.

Karanja, Section 58

Sawa mzee, nimekubali kwa pete. Lakini kioo cha saa yangu kilikuwa na mikwaruzo na kolgeti ikaiondoa. Nimeiona kwa macho yangu, si video.

Sonara wa Kibuye

Basi kioo chako ni cha plastiki, na hapo uko sahihi kabisa. Saa nyingi za zamani zina kioo cha akriliki, na dawa ya meno kwa kitambaa ni njia halali ya kukilainisha, hata sisi tunaijua. Gonga kwa ukucha: plastiki inatoa sauti butu, kioo cha kweli kinalia. Kwenye kioo cha kweli kolgeti haiondoi mkwaruzo. Lakini ile bezeli inayozunguka, kama ina mchovyo, yaani utando mwembamba, wa dhahabu, angalia pale kidole kinapopita sana. Ukiona weupe unachungulia, unajua dhahabu ilikokwenda.

Nyambura, Naivasha

Naomba nidandie. Tunaishi upande wa Olkaria. Baba alihamia huku kwa kazi mitambo ya kwanza ya mvuke ilipoanza kutoa umeme mwaka 1981, na mimi nimezaliwa hapa. Kila silva ninayonunua inaingia weusi upesi, hata ikiwa imelala kwenye droo. Nikienda kwa shangazi Nyahururu nikae likizo, haibadiliki. Nilimrudia muuzaji tukakosana, akaniambia jasho langu ni chungu. Ni jasho au ni bandia?

Sonara wa Kibuye

Si jasho. Mvuke unaochimbwa ardhini huko kwenu huja na gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo ile harufu ya yai viza mnayoizoea mpaka hamuisikii tena. Kiasi kidogo tu hewani kinatosha kwa fedha. Ni ile ile salfa ya Mama Trizah, isipokuwa yeye anaipaka kwa mkono na wewe inakuletewa na upepo. Shaba nayo inaumia, ndiyo maana vyombo vya umeme katika maeneo ya mvuke huhitaji kulindwa.

Droo ya mbao haizuii hewa. Tia kila kipande kwenye kimfuko chake cha plastiki chenye kufungika, kamua hewa yote, na weka kipande cha chaki ndani kunyonya unyevu. Usitumie mpira wa kufungia wala kitambaa cha sufu, vyote vina salfa. Na vaa silva zako mara kwa mara: msuguano wa ngozi na nguo unazuia weusi kutulia. Ukitaka amani kabisa, nunua dhahabu ya karati kubwa au chuma kisichoshika kutu. Muuzaji mwambie sonara amesema akuombe radhi.

Shikuku, Ikolomani

Wakuu, langu ni tofauti kidogo. Kaka yangu anachimba dhahabu huku kwetu, ya mkono, ile ya kuosha mchanga kwenye karai. Alikuwa akishika zebaki na pete yake ya ndoa kidoleni. Pete imekuwa nyeupe nusu. Amesugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa magadi, haitoki. Sasa anataka kuiweka kwenye jiko la makaa kwa sababu ndivyo wanavyochoma ile ya mgodini na dhahabu inabaki njano. Nimemwambia asubiri niulize.

Sonara wa Kibuye

Shikuku, mwambie asiiweke jikoni. Mwambie sasa, usisubiri kesho.

Weupe ule ni zebaki imeingia ndani ya dhahabu. Dhahabu huinywa, ndiyo sababu wachimbaji wanaitumia kukusanya vumbi la dhahabu kwenye mchanga. Haijakaa juu kama rangi, kwa hiyo hakuna ndimu wala majivu yatakayoitoa. Ni kweli moto unaifukuza. Lakini inaondoka ikiwa mvuke, haina harufu, haionekani, na aliye karibu anaivuta. Inaingia kwenye ubongo na figo. Mwanamke mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Ndani ya nyumba mvuke ule hupoa ukatua ukutani, kwenye sufuria, kwenye matandiko, na ukaendelea kutoka polepole.

Dhahabu imechimbwa Kakamega tangu miaka ya 1930, enzi za machimbo ya Rosterman, na najua vijana wa huko wanasema wazee wao walichoma wakaishi. Sitaki kubishana na wazee wa mtu. Nasema tu mimi mwenyewe sifanyi kazi hiyo mezani kwangu bila chombo kilichofungwa kinachokusanya mvuke.

Afanye hivi: avue pete, aitie kwenye chupa ndogo yenye kifuniko kinachobana, anawe mikono kwa sabuni mbali na vyombo vya chakula. Maji na majivu aliyosugulia asimwage bustanini wala mtoni. Aipeleke kwa sonara mwenye vifaa na amwambie wazi, kabla hajafungua chupa, kwamba ni zebaki. Sonara asiyeambiwa ataipiga moto usoni pake. Pete inaweza kuokoka, ila ikiwa ni nyembamba na zebaki imezama, huwa inabaki dhaifu na huvunjika kama biskuti; mara nyingine ni kuiyeyusha na kuifanya upya. Na kama anachoma ile ya mgodini karibu na nyumba ambamo kuna watoto, hilo ndilo ningeanza nalo mimi kabla ya pete.

Shikuku, Ikolomani

Nimempigia. Ameitia kwenye chupa ya dawa. Jiko wanalochomea liko nyuma ya jikoni, nitafunga safari niende mwenyewe.

Mama Trizah, Kondele

Fundi, erokamano ahinya, asante sana. Nimekaa na mama usiku tukafanya yote.

Mkufu una 925, tuliuona kwa tochi. Maji yalipomiminwa harufu ikaja kweli, Trizah akakimbia. Weusi ulianza kuondoka kwenye ncha zinazogusa foili kwanza, ukawa unapanda pingili kwa pingili. Kifungo kilikaidi, nikabadilisha foili kama ulivyosema. Umebaki ukungu kidogo kwenye springi ya kifungo, lakini hiyo itakuwa nyuma ya shingo.

Nyuma ya pete kulikuwa na kitu kile ulichokitaja, kigumu kama saruji. Kilipotoka, mama aliishika pete kwenye taa akanyamaza, halafu akauliza nani alibadilisha jiwe lake. Nambari ni 375. Bangili ya baba amekataa isiguswe. Lulu moja ilikwaruza na nyingine ikateleza! Inaonekana moja ilipotea zamani na mtu akanunua mwenza bila kusema. Mama anamshuku shangazi.

Swali la mwisho. Wasimamizi watavaa hereni za bei nafuu zenye rangi ya dhahabu, tulizinunua pale Jubilee. Mbili zimeshaanza kuonyesha rangi ya kijivu kwenye ndoano, na binti mmoja sikio linamwasha. Naweza kuzisafisha kwa lolote?

Sonara wa Kibuye

Hizo ni mchovyo, tena mwembamba sana. Kijivu unachokiona ni madini ya chini yanajitokeza kwa sababu dhahabu imekwisha pale. Hakuna kitu cha jikoni kinachorudisha mchovyo uliokwisha, na kila unachosugulia kitaongeza kijivu. Kitambaa kikavu tu. Kuzichovya upya itakugharimu kuliko bei uliyonunulia.

Anayewashwa asizivae. Madini ya chini mara nyingi yana nikeli, na kuna ngozi zisizopatana nayo. Leo anajikuna, Jumamosi sikio litakuwa limevimba kwenye kila picha. Mpe zile za lulu, kama ndoano zake ni za fedha au dhahabu. Iliyo bandia avae upande ambao mpiga picha hatakuwepo.